Santuri za Heshima na Santuri za Pembeni

Albamu ya heshima ni kazi ambayo mwanamuziki anairekodi kwa ajili ya mwenzake, mara nyingi marehemu, ama kwa kuzipiga upya nyimbo zake, ama kwa kutunga nyingine juu yake. Albamu ya pembeni ni ile ambayo haikuuzwa, haikupigwa sana redioni, au ilifunikwa na kazi nyingine ya mtu yuleyule. Aina hizi mbili hukutana mara nyingi. Msikilizaji anayetaka kumjua Franco humtafuta Franco mwenyewe, si mtu aliyemkumbuka miaka 20 baada ya mazishi, na kampuni za santuri zinalijua hilo. Kwa sababu hiyo santuri ya heshima huzaliwa ikiwa pembeni tayari.

Katika jazi na soul, pembeni huko ndiko Kongo inakopatikana. Albamu za jazi zinazotajwa katika kila kitabu, karibu zote, hazina neno moja la Kiswahili wala jina la mji wa Kongo. Zilizofunikwa zinayo yote mawili, na baadhi yake zinapita katika msitu wa Ituri, mwendo wa siku moja ya barabara kutoka Bunia. Msikilizaji wa Kiswahili anazikuta na sikio ambalo wachambuzi wa New York na Paris hawakuwa nalo.

Neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa kwanza. Joseph Kabasele alipoanzisha African Jazz mwaka 1953, na Franco na wenzake walipoanzisha OK Jazz mwaka 1956, zote Léopoldville, hakuna kati yao aliyekuwa akipiga jazi ya Marekani. Walipiga rumba iliyotoka Cuba, wakaitia Kilingala na gitaa. Tanganyika kulikuwa na Dar es Salaam Jazz Band, Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz, nazo vivyo hivyo. Jazz katika majina hayo ilimaanisha bendi ya kisasa, yenye gitaa na tarumbeta, watu waliovaa suti wakapanda jukwaani. Wengi wameichukulia hali hiyo kama kosa la tafsiri. Ni sahihi zaidi kuiona kama dai: vijana wa Léopoldville na wa Dar es Salaam walikuwa wakisema kwamba muziki wa kisasa wa mtu mweusi ni mmoja, uwe na asili ya New Orleans, Havana au ukingo wa mto Kongo.

Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alifariki tarehe 11 Februari 1983. Mwaka huohuo Franco na Tabu Ley Rochereau walirekodi pamoja wimbo wa kumwomboleza, Kabasele in Memoriam. Uzito wa santuri hiyo unaonekana kwa anayejua historia ya hao wawili. Tabu Ley alilelewa kimuziki na Kabasele ndani ya African Jazz, kisha mwaka 1963 akaondoka pamoja na Docteur Nico, wakaanzisha African Fiesta na kumwacha mzee bila bendi. Franco alikuwa upande wa pili kabisa. OK Jazz na African Jazz zilikuwa shule mbili zilizogawa mashabiki wa Kongo nzima kwa miaka mingi, na ushindani kati ya Franco na Tabu Ley ulidumu baada ya African Jazz kuvunjika. Katika maombolezo haya mwanafunzi aliyeondoka na mpinzani wa miaka mingi wamesimama kwenye maikrofoni moja. Wengi wa wapenzi wa Franco wanajua nyimbo zake za miaka ya 1980 zilizovuma kuanzia Kinshasa hadi Nairobi, huu hawautaji. Lakini ndio unaoonyesha kwamba wote wawili walijua nyumba yao ilijengwa na nani.

Franco alikuwa na uzoefu wa kilio cha namna hiyo. Ndugu yake, Bavon Marie-Marie, mpiga gitaa wa Négro Succès, alifariki katika ajali ya gari mwaka 1970, na Franco akamtungia Kinsiona. Mtu akisikiliza Kinsiona kisha Kabasele in Memoriam, atasikia tofauti ya kilio cha mwenye msiba na kilio cha mkuu wa ukoo anayesimama mbele ya watu kutangaza msiba. Kongo ina mila ya zote mbili, na santuri zimezihifadhi zote mbili.

Franco mwenyewe alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na zamu ya kukumbukwa ikawa yake. Kati ya albamu zilizomhusu, ile ya Syran Mbenza na Ensemble Rumba Kongo, Immortal Franco ya mwaka 2009, inastahili kusikilizwa kwa utulivu. Mbenza ni mpiga gitaa mwenye mkono wake, aliyejulikana akiwa na kundi la Les Quatre Étoiles. Ugumu wa kazi hiyo uko mkononi: Franco alivuta nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, akapata sauti nzito, kama mtu anayesisitiza neno lilelile mpaka likubaliwe. Anayemwiga bila kubadili chochote anatoa nakala, na nakala haina kazi kwa sababu santuri za Franco bado zipo. Anayebadili kila kitu amemsahau aliyekusudiwa. Mbenza anapita katikati. Ray Lema, aliyezaliwa Kongo ya chini mwaka 1946, alichagua njia ya hatari zaidi: alimtolea Franco heshima akiwa kwenye piano, ala ambayo OK Jazz haikuijenga nyumba yake juu yake. Gitaa linapoondoka, msikilizaji anagundua jinsi nyimbo za Franco zilivyoshonwa vizuri, kwa maana zinasimama hata bila mkono wake.

Albamu ya heshima iliyo bora kuliko zote za Kongo, kwa hukumu ya sura hii, haikumhusu Mkongo. Kundi la Kékélé, lenye waimbaji wazee kama Nyboma, Wuta Mayi, Bumba Massa na Loko Massengo, pamoja na gitaa la Syran Mbenza, lilitoa mwaka 2006 albamu iliyoitwa Kinavana. Jina linaunga Kin, yaani Kinshasa, na Havana. Aliyeheshimiwa ni Guillermo Portabales, mwimbaji wa Cuba aliyeimba maisha ya mashambani kwa gitaa na sauti ya upole, aliyefariki mwaka 1970. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Cuba ziliingia Afrika katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, na vijana wa bandari na miji ya mto walijifunza kutokana nazo. Kékélé walizirudia nyimbo za Portabales kwa maneno ya Kilingala, kwa gitaa zisizo za umeme. Hawakumtafsiri. Walichukua mwendo wa sauti wakaupa habari nyingine, sawasawa na walivyofanya babu zao wa kimuziki walipozipokea santuri za GV bila kujua Kihispania. Tofauti moja ndiyo inayoifanya Kinavana kuwa kazi ya heshima: safari hii jina la mwenye wimbo limetajwa.

Hapo ndipo kipimo cha santuri hizi kilipo. Muziki wote unakopa. Albamu ya heshima ni ile inayolitaja deni.

Baloji, rapa aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, alilitaja deni lake kwa Kabasele mwaka 2010 katika albamu Kinshasa Succursale. Aliuchukua wimbo Indépendance Cha Cha, ambao African Jazz waliurekodi Brussels mwanzoni mwa 1960 wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, akauwekea swali la kilichofuata baada ya dipanda, yaani uhuru. Jina la wimbo wake limeandikwa kwa Kifaransa likifuatiwa na Kiswahili: Siku ya Baadaye. Heshima si lazima iwe sifa. Inaweza kuwa ya mjukuu anayemuuliza babu kwa adabu ile ahadi iliishia wapi.

Upande wa soul, santuri iliyosubiri kwa muda mrefu kupita kiasi ni ya tamasha la Kinshasa la 1974. Kwa siku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika Stade du 20 Mai, James Brown, B.B. King na Bill Withers walipanda jukwaa moja na Franco, Tabu Ley, Abeti na Miriam Makeba. Tamasha lilipangwa litangulie pambano la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Filamu zilizotoka baadaye ziliwaonyesha zaidi wageni. Sehemu ya Waafrika, iliyorekodiwa chini ya Hugh Masekela na Stewart Levine, ilikaa kabatini miaka 43, ikatoka mwaka 2017 kwa jina Zaire 74: The African Artists. Anayeisikiliza anakuta wenyeji ambao hawakuwa wakisindikiza wageni. Bendi za Kinshasa zilikuwa zimekwisha kuisikiliza soul, zikatoa humo zilichokitaka, hasa ngoma ya mguu na saksafoni fupifupi, na kuacha kilichobaki. Ushahidi wa hilo umo pia katika mkusanyo wa Verckys na Orchestre Vévé wa miaka 1969 hadi 1978, uliotolewa upya mwaka 2014. Verckys alikuwa mpiga saksafoni wa OK Jazz kabla ya kujitegemea, na humo rumba na funki zinakaa katika wimbo mmoja bila kugombana.

Manu Dibango ndiye daraja kati ya pande hizi. Huyu Mkameruni aliingia African Jazz mwaka 1961 baada ya kukutana na Kabasele Brussels, akahamia Léopoldville, na mwaka 1972 akatoa Soul Makossa iliyozunguka dunia. Umaarufu wa wimbo huo umeifunika albamu yake ya 2007, ambamo anapiga nyimbo za Sidney Bechet, mzee wa New Orleans aliyemalizia maisha yake Ufaransa. Dibango alifika Ufaransa akiwa kijana wa miaka 15, mwaka 1949, wakati Bechet alikuwa nyota huko. Albamu ni tulivu, na huenda ndiyo sababu haikuvuma.

Marekani nayo ilikuwa ikiitazama Afrika, na mwaka 1960 macho yake yalitua Kongo. Louis Armstrong alipiga Léopoldville tarehe 28 Oktoba mwaka huo, akibebwa juu ya kiti mabegani mwa watu, kisha akaenda hadi Élisabethville. Vitabu vinaikumbuka ziara hiyo. Vinasahau kwamba mwezi uliofuata, mjini New York, mpiga piano Randy Weston alikusanya wanamuziki zaidi ya 20 kurekodi Uhuru Afrika, na kwamba sauti ya kwanza ya mwanadamu kupewa kazi humo inasema Kiswahili.

Weston alitaka kazi ya kuusalimu uhuru wa nchi za Afrika, nchi 17 katika mwaka huo mmoja, Kongo ikiwa mojawapo tangu tarehe 30 Juni. Alitafuta lugha ya Kiafrika ya kuifungulia, akashauriana na Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, na uamuzi ukaangukia Kiswahili. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Mtanganyika Tuntemeke Sanga, aliyekuja kuwa mwanasiasa Tanzania, aliyasoma kwa Kiswahili, na Brock Peters kwa Kiingereza. Melba Liston, mpiga tromboni ambaye mchango wake haujawahi kupewa haki yake, ndiye aliyezipangia ala zote sehemu zao. Upande wa ngoma walikaa Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Cuba, na Max Roach na Charlie Persip wa Marekani, yaani njia ileile ya baharini iliyoileta rumba Kongo, safari hii ikiwa chumba kimoja.

Kazi ina sehemu nne. Ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, na msemaji wa Kiswahili hana la kusahihisha hapo. Ya nne inaitwa Kucheza Blues. Mswahili hachezi ala. Hupiga gitaa, hupiga kinanda, hupiga ngoma. Anayecheza ni yule aliyeko uwanjani, mwenye mwili unaotikisika. Msikilizaji wa Bunia akilisoma jina hilo haoni bendi, anaona watu wakidansi blues, na sehemu hiyo ya nne inakubaliana naye, maana ndiyo inayochangamka kuliko nyingine. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Sokoni haikufanya mengi, na kwa miaka mingi ilipatikana kwa shida.

Katanga nayo iliingia kwenye jalada. Mwaka 1963, kujitenga kwa Katanga kukiwa kumekwisha mwezi Januari, mpiga saksafoni Curtis Amy na mpiga tarumbeta Dupree Bolton walitoa California albamu Katanga! Bolton aliacha rekodi chache mno, hii ikiwa mojawapo, na tarumbeta yake humo inakimbia kama mtu aliyeambiwa muda ni mfupi.

Miaka 10 baada ya Uhuru Afrika, Kiswahili kilirudi katika jazi kwa mlango mwingine. Vijana weusi wa Marekani walikuwa wakijichukulia majina ya Kiswahili, na James Mtume, mpiga ngoma, aliwagawia wanamuziki waliomzunguka. Mpiga piano Herbie Hancock akawa Mwandishi, na bendi yake ikachukua jina hilo. Billy Hart, mpiga dramu, akawa Jabali, sifa ileile ambayo Dar es Salaam ilimpa Marijani Rajab bila pande mbili hizo kuwasiliana. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, akawa Mganga, na hakuna jina lililomfaa mtu zaidi, kwa kuwa alikuwa daktari kweli, mwenye shahada ya udaktari. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na hapo kosa lilelile la kucheza na kupiga linajirudia. Kwa sikio la Kiswahili huyu angekuwa winga wa timu ya mpira.

Albamu yao ya kwanza, Mwandishi ya 1971, inafungua kwa wimbo wa heshima kwa mwanaharakati Angela Davis, aliyekuwa kizuizini wakati huo. Besi na klarineti nzito zinarudia mstari mmoja wenye mapigo 15. Mtu akiuhesabu kwa vidole mezani atauona ujanja: mwili unasubiri pigo la 16, halifiki, na mstari umeanza tena. Baada ya mizunguko michache mguu unaacha kupinga na kuanza kuyumba pamoja nao. Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973 zilifuata. Hazikuuzika, na Hancock akaivunja bendi. Albamu iliyofuata, Head Hunters, iliuzwa zaidi ya nakala milioni, na ile ya Mwandishi ikasukumwa pembeni hapohapo.

Head Hunters si santuri ya pembeni, lakini sekunde za kwanza za wimbo wake Watermelon Man zinahusu sura hii. Bill Summers anapuliza chupa ya bia, akibadilishana pumzi na sauti yake. Aliiga filimbi ya noti moja, hindewhu, ya Wababenzele wa Afrika ya Kati, waliorekodiwa na Simha Arom na Geneviève Taurelle katika miaka ya 1960. Filimbi ina noti moja tu. Noti nyingine zote hutoka kooni mwa mpulizaji, na kati ya hizo mbili wimbo unazaliwa. Jina la filimbi liliorodheshwa kati ya ala za Summers. Jina la wenye filimbi halikuwekwa. Kwa kipimo cha Kinavana, deni hilo limetajwa nusu.

Wambuti wa Ituri wanaijua kanuni hiyo kwa sauti za watu: kila mmoja ashike noti yake, aiache, mwingine aidake, na wimbo uwe wa kambi nzima bila kuwa wa mtu. Barabara ya kutoka Bunia kupitia Komanda na Mambasa inafika Epulu, na eneo hilo ndiko mwanaanthropolojia Colin Turnbull alikofanya kazi katika miaka ya 1950. Santuri zake mbili zilitolewa na Folkways: Music of the Ituri Forest mwaka 1957, na The Pygmies of the Ituri Forest mwaka uliofuata, aliyoifanya na Francis Chapman. Hugh Tracey alipita na mashine yake mwaka 1952, na rekodi zake zilitolewa upya kwa jina On the Edge of the Ituri Forest. Hizi si jazi. Mpenzi wa jazi anazihitaji hata hivyo, kwa sababu zinaonyesha kupokezana noti kukiwa kazi ya kila siku, ilhali kwenye santuri za Marekani kunasikika kama pambo.

Wimbo mmoja wa Turnbull ulikwenda mbali kuliko muziki wowote wa Kongo. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kipande cha nne cha muziki humo ni wimbo wa wasichana wa Ituri katika unyago wao, elima, sekunde 56. Mbele kidogo, kwenye santuri hiyohiyo, yumo Louis Armstrong akipiga Melancholy Blues. Wasikilizaji wa kawaida walisubiri hadi 2017 kuipata kama seti ya santuri za kununua. Katika orodha yake Armstrong ametajwa kwa jina. Kwenye kipande cha nne limeandikwa jina la nchi, Zaire, na la aliyeshika mashine, Turnbull; majina ya wasichana walioimba hayamo.